MFARISHI MFANO WA DIRISHA LA VIOO VYA RANGI
Jinsi ya kuushona kwa njia nyepesi

Katika kila mji, na hata katika masoko ya mashambani, wako mafundi wa cherehani, na chini ya cherehani zao huwa pana mabaki ya vitambaa ambayo jioni hufagiliwa na kutupwa. Vipande hivyo ni vidogo mno kwa shati au kwa gauni, lakini havikosi kazi. Iko namna moja ya kushona mfarishi ambayo huvitumia vipande vya kila umbo, wala haitaki ustadi mkubwa wa sindano. Mfarishi huo ukiisha hufanana na dirisha la vioo vya rangi, kwa maana kila kipande cha kitambaa huzungukwa na mstari mweusi, kama vile kioo kinavyozungukwa na risasi.

Mfarishi ni nguo ya kujifunika yenye matabaka matatu. Tabaka la juu ndilo lenye mapambo, la kati ni pamba ya kutia joto, na la chini ni bitana. Yote matatu hushikwa pamoja kwa mishono inayopita toka juu hata chini. Kazi ya kushona mifarishi kwa viraka si ya taifa moja. Huko Karnataka, Bara Hindi, wako Wasidi, ambao wazee wao wa kale walitoka Afrika. Wanawake wao hushona kwa mkono mifarishi ya nguo kuukuu iitwayo kawandi. Namna hii ya kuigiza vioo ilienea hasa Marekani katika miaka ya 1970 na 1980, wakati ambapo kazi ya mifarishi ilipendwa tena na watu wengi.

DIRISHA LENYEWE

Yafaa mshonaji alifahamu dirisha kwanza, ndipo ataifahamu kazi yake. Madirisha ya vioo vya rangi yalistawi sana Ulaya katika karne ya 12 na ya 13. Mafundi walitia madini katika kioo kilichoyeyuka. Kobalti ilitoa rangi ya buluu, na shaba ilitoa nyekundu au kijani. Kisha walikata vioo kwa kufuata mchoro uliokuwa na ukubwa sawa na dirisha lenyewe, wakaviunganisha kwa fito nyembamba za risasi. Kila ufito ulikuwa na mfereji upande huu na upande huu, na kingo za vioo viwili ziliingia humo. Mahali fito zilipokutana palitiwa lehemu. Risasi ni laini, hupindika kwa mkono, na kwa hiyo iliweza kufuata kila kona na kila duara.

Mfano ulio mashuhuri ni kanisa kuu la Chartres, Ufaransa. Kanisa hilo liliungua mwaka wa 1194, likajengwa upya, na vioo vyake vingi vilitiwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 13. Mwaka wa 1939, vita vilipokuwa karibu, vioo vilishushwa na kupelekwa mahali pa salama, na baada ya vita vikarudishwa. Nchini Kenya pia yako madirisha ya namna hii, kama yale ya All Saints' Cathedral, Nairobi. Na huko Kitengela, kusini ya mji huo, yako makarakana yafanyayo kazi ya vioo vya rangi.

Basi jambo la kukumbuka ni hili: mstari mweusi wa dirisha si pambo tu. Huo ndio unaobeba vioo. Risasi ikilegea, kioo huanguka, hata kiwe kizuri namna gani. Ndivyo ilivyo katika mfarishi. Utepe mweusi ndio unaofunika kingo za vitambaa zilizokatwa, ndio unaozuia nyuzi zisifumuke, na ndio unaovishika vipande mahali pake. Mtu akiharakisha kazi ya vipande ataweza kuitengeneza, lakini akiharakisha kazi ya utepe atakuwa ameharibu yote.

SABABU YA WEPESI WAKE

Katika viraka vya kawaida, kila kipande hukatwa na ziada ya robo inchi pande zote, kisha hushonwa na jirani yake, na pembe zote hazina budi kukutana barabara. Mtu akikosea kidogo katika kila mshono, mwisho nguo nzima hupinda. Katika njia hii vipande havishonwi kimoja kwa kimoja. Hukatwa sawasawa na mchoro, bila ziada, hupangwa juu ya kitambaa cha msingi, na ufa ulio katikati hufunikwa kwa utepe. Kosa dogo la mkasi hufichwa na utepe huo. Kwa sababu hiyo hata mtu aliyeanza juzi kushika sindano aweza kufanya umbo la ndege, ua au jua.

VITU VINAVYOTAKIWA

Mfano utakaoelezwa hapa ni mfarishi wa mtoto mchanga, wenye inchi 40 kila upande, yaani mita moja hivi. Vitu vyake ni hivi:

Amerikani au kitambaa kingine cheupe cha pamba cha kuwa msingi, inchi 44 kila upande. Bitana ya kadiri iyo hiyo. Pamba iliyotandazwa, au blanketi kuukuu jembamba, kadiri iyo hiyo. Kitambaa cheusi cha pamba, chepesi, kiasi cha mita moja. Vipande vya rangi. Uzi mweusi, sindano, pini, mkasi, pasi, rula, kalamu ya risasi, na karatasi kubwa. Gunia la karatasi lililofunguliwa, au magazeti yaliyogundishwa pamoja, yatatosha. Cherehani ikiwapo ni vizuri. Isipokuwapo, mkono wafaa.

Vitambaa vyote yafaa viwe vya pamba. Asiyejua kitambaa chake ni cha namna gani na achomoe nyuzi chache na kuzichoma kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Uzi wa nailoni au polista huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Kitambaa cha namna hiyo ya pili hujikunja chini ya pasi yenye moto, nacho kitapotosha kazi.

Kwa habari ya rangi, kioo hung'aa kwa sababu nuru hupita ndani yake. Kitambaa hakipitishi nuru hivyo, basi mng'ao wake lazima utokane na ujirani wa rangi. Rangi ya manjano ikiwekwa karibu na buluu iliyokoza huwaka, bali ikiwekwa karibu na rangi ya chungwa hufifia. Vitambaa vya rangi moja vyafaa kuliko vyote. Batiki yenye mawimbi ya rangi hufanana sana na kioo. Kitenge au kanga yenye maua makubwa haifai ikitumiwa nzima, lakini mara nyingi mna sehemu ndani yake yenye rangi tupu inayoweza kukatwa. Tena rangi tano au sita zatosha. Zikizidi, jicho hukosa mahali pa kutua.

KUFUA KABLA YA KUKATA

Hapa ndipo watu wengi hupata hasara. Kitambaa cheusi kipya mara nyingi hutoa rangi majini, na amerikani mpya hujikunyata ikifuliwa. Mshonaji aliyeacha kuvifua vitambaa vyake huenda asione kosa lo lote mpaka kazi imekwisha. Kisha siku ya kwanza mfarishi unapofuliwa, weusi huenea katika manjano na nyeupe, msingi hujikunyata na juu hufanya makunyanzi. Kazi ya miezi miwili huharibika katika beseni moja, wala hapana dawa.

Kwa hiyo kila kitambaa kifuliwe peke yake kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kabla ya kukatwa. Kile cheusi, na chekundu vilevile, kisuuzwe tena na tena mpaka maji yawe safi. Kisha kijaribiwe: kikiwa bado kibichi, kifungwe ndani ya kitambaa cheupe kibichi na kuachwa usiku kucha. Asubuhi cheupe kikiwa na doa, kifuliwe tena. Kikiwa kimefuliwa mara nne na bado kinatoa rangi, kisitumiwe kamwe katika mfarishi, kitafutwe kingine. Hasara ya mita moja ya kitambaa ni ndogo kuliko hasara ya mfarishi mzima.

KUCHORA

Mchoro wa mfano huu ni jua linalochomoza nyuma ya vilima viwili. Katika karatasi ya inchi 40 kila upande huchorwa mstari wa kilima cha nyuma, toka ukingo wa kushoto hata ukingo wa kulia, ukipinda kidogo. Chini yake huchorwa mstari wa kilima cha mbele, nao pia toka ukingo hata ukingo. Juu ya kilima cha nyuma huchorwa nusu ya duara, upana wake inchi 16. Hilo ndilo jua. Kutoka katika jua hutoka mistari saba iliyonyoka mpaka kingo za karatasi, nayo huigawa mbingu kuwa sehemu nane. Jumla ni vipande 11.

Kuna kanuni moja ya kuchora ambayo haina budi kushikwa. Kila mstari lazima uanzie katika mstari mwingine au ukingoni, na uishie vivyo hivyo. Mafundi wa vioo hawakuweza kuacha ufito wa risasi ukining'inia katikati ya kioo, na mshonaji naye asiache, maana ncha ya utepe itakayokuwa peke yake haina kitu cha kuifunika, nayo itafumuka.

Mchoro ukiisha, kila kipande hupewa namba na jina la rangi yake. Kisha mchoro hunakiliwa katika karatasi ya pili. Karatasi ya kwanza hubaki nzima. Ya pili hukatwa vipande.

KUKATA NA KUPANGA

Msingi wa amerikani hupigwa pasi na kutandazwa juu ya mchoro mzima. Mistari itaonekana kupitia kitambaa ikiwa imekolezwa wino. Isipoonekana, vyote viwili hushikizwa juu ya dirisha wakati wa mchana, na mistari hufuatwa kwa kalamu ya risasi. Kisha vipande vya karatasi hubanwa kwa pini juu ya vitambaa vya rangi, upande wa karatasi wenye namba ukitazama juu juu ya uso mzuri wa kitambaa. Asiyeangalia jambo hili atakuta kipande chake kimegeuka kama sura katika kioo cha kujitazamia.

Vipande hukatwa sawasawa na karatasi, hupangwa juu ya msingi kwa kufuata namba, kisha hubanwa na kupigwa bandi karibu na kingo. Uzi wa bandi hiyo uwe mweusi, nao hautaondolewa, kwa kuwa utepe utaufunika. Nafasi ndogo kati ya vipande haidhuru, mradi isizidi robo ya inchi.

UTEPE MWEUSI

Kitambaa hufumwa kwa nyuzi za namna mbili: mtande, ambazo huenda kwa urefu, na mshindio, ambazo hukatiza. Kikivutwa kwa njia ya mtande au ya mshindio hakinyumbuki. Kikivutwa toka pembe hata pembe hunyumbuka. Kwa hiyo utepe wa kufuata mipindo hukatwa hanamu, yaani mshazari, toka pembe hata pembe. Utepe uliokatwa kwa kufuata uzi utakunjamana mara ufikapo katika mpindo wa kwanza.

Kabla ya kukata, mistari yote ya mchoro hupimwa kwa uzi. Katika mchoro huu mistari hufika inchi 230 hivi. Hesabu ya kujua kitambaa kitoshacho ni nyepesi: urefu huzidishwa kwa upana, kisha hugawanywa kwa upana wa utepe. Kipande cha inchi 20 kwa 20 ni inchi za mraba 400. Kikikatwa tepe za upana wa inchi moja hutoa inchi 400, kasoro zile zinazopotea katika pembe na katika maungo. Kipande hicho chatosha, na ziada hubaki.

Tepe huunganishwa ncha kwa ncha kwa mshono wa mshazari, na mshono hufunguliwa kwa pasi ili usifanye uvimbe. Kisha kila upande hukunjwa ndani robo inchi, na utepe hubaki na upana wa nusu inchi. Wako washonaji watumiao hila hii: pini ndefu huchomekwa katika nguo ya kupigia pasi, ikatokeza, ikachomekwa tena, na kuacha daraja la nusu inchi. Utepe hukunjwa kwa vidole kwa urefu mdogo, hupitishwa chini ya daraja, kisha huvutwa polepole huku pasi ikiufuata. Upana wake huwa mmoja toka mwanzo hata mwisho, na usawa huo ndio unaoipa kazi sura ya dirisha. Katika nchi nyingine huuzwa utepe uliokwisha kukunjwa, wenye gundi inayoyeyuka kwa pasi. Huo huokoa wakati, lakini bei yake ni kubwa, wala si lazima.

KUSHONA UTEPE

Utaratibu wake ni kama wa kuezeka nyumba: kinachofunikwa hutangulia, kinachofunika hufuata. Katika mchoro huu mistari saba ya mbingu hushonwa kwanza, kwa sababu ncha zao zitafunikwa na utepe wa jua. Kisha hushonwa utepe wa jua, ambao ncha zake zitafunikwa na kilima cha nyuma. Mwisho hushonwa vilima viwili, ambavyo ncha zao zitafunikwa na pindo la ukingoni. Kabla ya kushona, inafaa kuandika namba za utaratibu juu ya mchoro, maana utepe uliosahauliwa hautaingia mahali pake ila kwa kufumua mwingine.

Katika mpindo kuna sheria ya pili. Upande wa ndani, ulio mfupi, hushonwa kwanza. Upande wa nje hufuata. Utepe wa hanamu hunyumbuka, basi upande wa nje utavutika na kulala vizuri. Ukianza upande wa nje, ule wa ndani utakuwa mrefu kupita nafasi yake, nao utafanya makunyanzi yasiyoondoka kwa pasi. Utepe usivutwe kwa nguvu. Ulazwe tu, ubanwe kwa pini nyingi, ushonwe kwa mishono midogo ukingoni kabisa.

KUUNGANISHA MATABAKA

Bitana hutandazwa juu ya meza au juu ya mkeka safi, uso wake mzuri ukielekea chini. Juu yake huwekwa pamba, na juu ya pamba tabaka lenye mapambo. Bandi hupigwa kutoka katikati kwenda kila upande, ili makunyanzi yasukumwe nje. Kisha mshono wa kupita matabaka yote hufuata kando ya kila utepe, upande huu na upande huu. Mshono hauonekani kwa kuwa u karibu na weusi, na kila kipande cha rangi huvimba kidogo katikati.

Mwenye cherehani aweza kufupisha kazi. Baada ya vipande kupigwa bandi juu ya msingi, huunganisha matabaka yote matatu kwanza, ndipo hushona tepe juu yake. Hapo mshono mmoja hufanya kazi mbili: hushika utepe, na hushika matabaka.

Mwisho, kingo hukatwa sawa kwa kufuata mchoro, na pindo jeusi hushonwa kuzunguka nguo. Pindo hilo hukatwa kwa kufuata uzi, upana wa inchi mbili, kwa kuwa kingo zimenyoka na hazihitaji utepe wa hanamu. Urefu wake ni inchi 160, pamoja na kidogo kwa pembe na maungo.

KUUTUNZA

Mfarishi huu ufuliwe kwa maji baridi au ya uvuguvugu, usisokotwe kwa nguvu, wala usipigwe juu ya jiwe. Uanikwe kivulini, maana jua kali hufifisha rangi. Kila baada ya kuufua, zitazamwe tepe zote. Ncha ikionekana kufumuka, irudishwe siku ile ile kwa mishono mitatu au minne. Ikiachwa, ukingo wa kitambaa ulio chini yake utaanza kutoa nyuzi, na kitambaa hicho hakina ziada ya kuokolewa.

Mtu anayefanya kazi hii saa moja kila jioni asitazamie kuimaliza katika juma moja. Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka, na maneno hayo yanafaa hapa kuliko mahali pengi. Jioni za kwanza, ambazo hutumika katika kufua, kupima na kukunja utepe, huonekana kama hazileti kitu, maana rangi bado hazijaonekana. Lakini katika jioni hizo ndimo huamuliwa kama mfarishi utamfunika mtoto mmoja mwaka mmoja, au utamfunika na wadogo zake baada yake.